Mbwa Aliyechaguliwa kwa Simu

Niliacha kazi mwezi uliopita. Hakukuwa na keki wala hotuba. Niliweka funguo za kibanda cha Mukuyuni juu ya gunia la chakula cha mbwa, nikawaambia ninyi mliobaki kwamba goti langu la kulia limeikataa pikipiki, nanyi mkanisindikiza hadi barabarani. Mmoja wenu aliniuliza kama nitawaachia maandishi yoyote. Nilicheka, kwa sababu nilidhani maandishi ni ya watu waliofika chuo, na mimi niliishia kidato cha nne. Lakini tangu nikae nyumbani sijui la kufanya na asubuhi. Kwa hiyo nimenunua daftari.

Kazi yetu haijawahi kupata jina zuri. Kule Tulia, Kitui, waliniita daktari wa mbwa, na mimi si daktari. Sindano ya chanjo ilikuwa ya afisa wa mifugo. Mimi nilishika mbwa tu, upande wenye meno. Wengine walituita wauza mbwa, na hilo lilikuwa nusu kweli. Mzee Kilonzo, aliyenifundisha, alisema sisi ni washenga. "Tunaozesha mbwa na nyumba," alisema. "Na ndoa ikiharibika, anayeumia zaidi ni yule asiyeweza kwenda kwa wazee kulalamika."

Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo nilikuwa nimeacha duka la vifaa vya ujenzi, nikaacha machimbo ya mawe, nikaacha kuoka mikate. Sikufukuzwa mahali popote. Ni miguu tu. Nikizoea dirisha moja huanza kuwasha. Mzee Kilonzo alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ndogo, aliyewahi kufanya kazi na mbwa wa ulinzi Nairobi kabla ya kurudi nyumbani Mukuyuni na kuanza kufuga na kuuza. Nyuma ya soko alikuwa na vibanda vilivyojengwa kwa mabaki ya mbao, na ndani yake mbwa kumi na mmoja. Siku ya kwanza nilitarajia anipe kamba na fimbo. Alinipeleka kwenye kibanda cha jike mmoja mwenye watoto, akaniambia niketi chini, nimgeuzie mgongo, nisifanye lolote.

"Mpaka saa ngapi, Mzee?"

"Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Niliketi. Jike alinguruma, akanyamaza, akanguruma tena. Niliwasikia watoto wake wakinyonya. Jasho lilinishuka, na nzi mmoja alifanya makao sikioni mwangu. Karibu na adhuhuri nilihisi kitu kizito na chenye joto kikitua begani. Kilikuwa kidevu chake. Mzee Kilonzo alikuwa akichungulia kwenye ufa wa mbao muda wote huo.

"Basi," alisema, "ameshakuandikia barua ya kazi. Inuka ufagie."

Mambo niliyojifunza kwake mengi mnayajua, kwa hiyo sitayarudia yote. Jinsi ya kumfungulia mbwa mdomo bila kumbana. Jinsi ya kutafuta kupe katikati ya vidole vya miguu, mahali ambapo mwenye mbwa haangalii kamwe. Lakini kuna jambo moja ambalo siku hizi naona mnaliruka, na ni kwa ajili yake nimeshika kalamu.

Mzee Kilonzo hakuuza mbwa sokoni. Mtu akija kumwomba mbwa, alimwuliza anakaa wapi, kisha alikwenda kumtembelea. Akifika, aliomba maji ya kunywa. Mteja alidhani mzee ana kiu. Kumbe alikuwa anaangalia ni nani anayeinuka kuleta maji. Mwenye nyumba angeendelea kuzungumza juu ya ulinzi na wezi na jinsi anavyotaka mbwa mkubwa mwenye kichwa kama ndoo, na Mzee angekuwa ameshamgeukia yule aliyeleta kikombe. "Mama, wewe unaamka saa ngapi? Adhuhuri unakuwa wapi? Mbwa akichimba shimo kwenye sukuma wiki yako utafanyaje?" Kwa sababu aliyeleta maji ndiye atakayempikia mbwa. Yule mwingine atamwonyesha wageni tu.

Nilimwona akikataa kumuuzia rotwaila mwalimu kijana aliyekaa na mkewe kwenye chumba kimoja cha kupanga. Mwalimu alikasirika. "Mzee, unanidharau?" Mzee akamjibu, "Sikudharau, mwalimu. Nyumba yako haina geti, na kazi yako inaanza saa moja asubuhi. Huyu mbwa atakula viatu vyako, kisha mlango, kisha ndoa." Mkewe ndiye aliyecheka kwanza. Baada ya miaka kadhaa walirudi, wakiwa na kiwanja na ua wa minyaa, wakampata rotwaila wao.

Kwa anayefuga mara ya kwanza, nimeona makosa ni yale yale, Kitui kama Makueni. Mtu anachagua mbwa kwa macho. Ameona Jamani shepadi kwenye televisheni akimkamata jambazi, basi anamtaka. Hajui kwamba Jamani ana akili inayodai kazi, na asipopewa kazi atajitafutia, na kazi atakayojitafutia huenda ikawa kuku wa jirani. Mwingine anataka spitzi mweupe kwa sababu ni mzuri kama pamba. Ni mzuri kweli. Lakini amezaliwa na koti la baridi, na jua letu la mwezi wa pili halimwonei huruma, na udongo wetu mwekundu utamfanya awe rangi ya chai kufikia Jumatano. Anamfaa mtu mwenye kivuli, kitana na subira, na majirani wasiojali kelele, kwa maana spitzi hubwekea hata upepo. Labrada ni rafiki wa kila mtu, wakiwemo wezi. Na mbwa wetu wa kienyeji, anayevumilia kupe na jua na kula anachopewa, ambaye mtu angeweza kumfuga bila kujua lolote na bado wakapatana, huyo hakuna anayemwomba. Amekosa jambo moja tu: hana jina la kigeni.

Mteja rahisi kuliko wote niliyewahi kumpata alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyetoka upande wa Garissa, Mwislamu, aliyetaka mbwa wa kulinda mifugo. Kabla sijafungua mdomo aliniambia: mbwa atalala zizini, hataingia nyumbani, hatagusa chombo cha kulia watu, chakula chake kina sufuria yake, na atakayemlisha ni mchungaji wangu, huyu hapa, muulize yeye. Nilitamani kumkumbatia. Wakristo wenzangu hununua mbwa kwangu kabla hawajajua atalala upande gani wa nyumba.

Mzee Kilonzo alipofariki, familia yake iliniomba niendelee na kibanda. Niliendelea kwa namna yangu, yaani huku na huku. Nilipanga chumba Tulia miaka miwili, nikarudi Mukuyuni, nikakaa Kalamba msimu mmoja, nikavuka tena mto Athi. Nilibeba watoto wa mbwa kwenye kreti ya soda nyuma ya pikipiki, nimeifunika kwa gunia la katani lililoloweshwa maji. Nazikumbuka zile barabara kuliko ninavyokumbuka nyumba nilizopanga. Mimi mwenyewe sikuwahi kufuga mbwa. Watu walinishangaa. Lakini ningejiuliza yale maswali ya Mzee, ningejinyima.

Sasa nifike kwa Susu Kalondu, susu kwa Kikamba ni bibi, kwa maana mkisahau mengine yote, huyu msimsahau.

Siku moja nilipigiwa simu na kijana aliyeitwa Musyoki, fundi wa umeme Nairobi. Mama yake alikuwa akiishi peke yake kijijini karibu na Kalamba, tangu mzee wake afariki. Jirani alikuwa ameibiwa mbuzi. Musyoki hakuwa akipata usingizi.

"Bosi, nataka Jamani dume. Mkubwa kiasi, si mtoto. Mtu akimwona arudi alikotoka."

Nilikuwa naye. Miezi minane, mweusi mgongoni, masikio yamesimama wima, mwerevu kuliko baadhi ya wateja. Nikamwambia Musyoki kwamba kwanza nitakwenda kumwona mama.

"Bosi, mama atasema hataki kitu. Wewe unajua wazazi wetu. Hata godoro alikataa, siku hizi analilalia. Mpeleke tu."

Na pikipiki yangu ilikuwa imevunjika mnyororo wiki hiyo. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nilimpandisha mbwa kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa akipeleka mbegu Kalamba, pamoja na kadi yake ya chanjo na karatasi ya maelekezo niliyoiandika kwa mwandiko mzuri. Kwa miaka yote niliyofanya kazi, hiyo ilikuwa mara ya pekee kupeleka mbwa kwenye nyumba ambayo sijanywa maji yake.

Baada ya miezi minne alinipigia mwanamke nisiyemjua, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Wewe ndiye wa mbwa? Mimi ni Mama Mumo, mwenyekiti wa mwethya. Njoo uchukue simba wako kabla hatujamla au hajatula."

Mwethya, kwa wale wenu mliozaliwa mjini, ni kundi la majirani wanaolimiana kwa zamu. Kule kwa kina Susu Kalondu walikuwa wanawake tisa. Kila wiki wanakwenda shamba la mmoja wao, wanachimba matuta ya kuzuia maji, wanakula pamoja, wiki ijayo kwa mwingine. Susu alikuwa ameshiriki kwa wote wanane. Sasa zamu yake ilikuwa Alhamisi inayofuata, mvua ilikuwa karibu, matuta yake yalikuwa yamebomoka, na wenzake walikuwa wamekubaliana kwamba kwa Susu hawaendi.

Nilikwenda Jumatatu. Nilimkuta mbwa amefungwa kwa mnyororo kwenye mti wa mwarobaini, na chini yake udongo umekwaruzwa mduara ulio safi kama sinia. Mpwa wa Musyoki ndiye aliyeshauri hivyo: mbwa afungwe mchana kutwa, asizoee watu, ndipo awe mkali. Mnajua imani hiyo. Nyumba nyingi kwetu zinaifuata. Mbwa mwenye akili ukimfunga mahali anapoona kila mtu na hamfikii mtu, hajifunzi ulinzi. Anajifunza chuki. Aliniona, mimi niliyemlisha tangu akiwa kipofu, akaruka mpaka mnyororo ukamrudisha chini.

Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka bibi mwembamba mwenye kitambaa cha bluu kichwani, akasema neno moja kwa sauti ya chini. Mbwa akalala.

"Wakya," alinisalimu.

"Aa, Susu."

"Wewe ndiye uliyeniletea huyu mtoto?"

Hakusema mbwa. Alikwenda akaketi kwenye kigoda ndani ya ule mduara, mbwa akaweka kichwa chote mapajani mwake, akafumba macho. Alimwita Kyalo, kwa kuwa alikuja akitoka safari. Aliniambia kwamba anamwimbia nyimbo za kanisani anapochambua pojo, na kwamba hapendi wimbo wa mazishi, anamgeuzia mgongo. Nilikuwa nimekuja nikidhani nitaona mtu anayemwogopa mbwa wake. Ingekuwa rahisi zaidi.

Niliomba maji, nikiwa nimechelewa miezi minne. Alileta mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Ndipo nikauliza maswali. Anaamka lini? Kabla ya jogoo. Anakwenda wapi? Bwawani kuchota maji, shambani, Jumanne maombi ya akina mama, siku nyingine mwethya, Jumapili kanisani. Nani huja hapa? Hapo alimkuna mbwa nyuma ya sikio kwanza.

"Zamani walikuja. Maombi tulifanyia hapa, kwa sababu mimi nina kivuli. Sasa wanafanyia kwa Mama Mumo. Mtu akitaka kunisalimu anasimama kule kwenye minyaa, anapiga kelele, mimi napiga kelele, mbwa anapiga kelele. Unasikia nini hapo?"

"Musyoki alikuuliza ungependa mbwa wa aina gani?"

"Musyoki aliniambia, kesho kuna mzigo unakuja."

Nilikaa siku mbili, nimelala kwa shemasi jirani. Nilitaka kurekebisha bila kumwondoa. Nilimfungua mnyororo, nikamtembeza asubuhi hadi bwawani na jioni hadi bwawani, na kwa kweli alilegea kidogo. Kwangu alikumbuka adabu. Jumanne adhuhuri nilimwomba Mama Mumo aje polepole, peke yake, bila kubeba chochote ila kipande cha matumbo cha kumtupia. Alikuja. Ni mwanamke mnene, jasiri, na alivaa leso yake nzuri ili, alisema, akiumwa apelekwe hospitali akiwa nadhifu.

"Usimtazame machoni, Mama."

"Nimtazame wapi, mkiani? Huko ndiko mbali."

Alitupa matumbo. Kyalo aliyaruka bila hata kuyanusa, akaichukua ile leso. Nilimvuta kamba kwa nguvu zangu zote na bado alibaki na nusu. Mama Mumo alisimama na nusu yake, mwili mzima, kucha hata moja haijamgusa, akaanza kucheka, kisha akaacha.

"Susu," alisema akiwa kule kwenye minyaa, na sauti yake safari hii haikuwa ya ng'ambo ya bonde. "Sisi tunakupenda. Lakini hatuwezi kuja na jembe mkono mmoja na maisha yetu mkono mwingine. Alhamisi tutakwenda kwa Ndinda badala ya kwako."

Susu aliokota kipande cha leso kilichochanika, akakikunja vizuri, mara mbili, mara nne.

Jioni ile nilimweleza ukweli. Kwamba kosa lilikuwa langu. Kwamba Kyalo si mbaya, ila amewekwa nyumba isiyo yake: anahitaji mtu mmoja mwenye miguu ya kutembea, mahali pasipo na wageni, na miezi ya kusahau ule mnyororo. Kwamba Tulia kulikuwa na mstaafu wa idara ya misitu, Bwana Muli, mjane, aliyefuga Jamani maisha yake yote, anayepanda kilima kila siku ya Mungu, na ambaye mgeni wake wa mwisho, alivyoniambia mwenyewe, alikuwa karani wa sensa. Mbwa wake alikuwa amekufa kwa uzee na alikuwa ananingojea nimpatie mwingine.

Alisikiliza yote. Kisha akasema tumpigie Musyoki, na niiweke simu kwenye spika ili wote tusikie.

Musyoki alikasirika, na sikumlaumu. "Bosi, mimi nilinunua ulinzi. Sasa unauchukua? Mama analala peke yake huko!"

"Musyoki," Susu alisema.

"Mwaitu, mama yangu, wewe hujui hawa watu wa..."

"Musyoki. Wewe leo unalala wapi?"

"Nairobi, mwaitu."

"Basi ngoja wanaolala hapa waongee." Alivuta kigoda karibu na simu, kana kwamba mwanawe angemwona vizuri zaidi. "Tangu baba yako aende, nikichelewa kufungua dirisha asubuhi, Mama Mumo anakuja kugonga. Nikikohoa kanisani, kesho yake kuna mtu na ndimu hapo mlangoni. Hao ndio walinzi wangu. Sasa nikuulize. Siku nikianguka humu ndani, nani atampita huyu mbwa aje aniinue?"

Nilisikia magari ya Nairobi yakipita nyuma yake.

"Sijui, mwaitu," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtoto.

"Mimi pia sijui. Nimeliwaza tangu mwezi uliopita, na nilikuwa nampenda sana ndiyo maana sikusema."

Jumatano asubuhi alimpikia Kyalo muthokoi wa mahindi na mifupa, akampa kwa mkono. Nilikuwa nimeazima pikapu yenye turubai. Alivua kile kitambaa cha bluu kichwani, akakitandika ndani ya kreti ili mbwa asilie njiani. Hakutusindikiza. Alipogeuka kuingia ndani niliona nywele zake kwa mara ya kwanza, nyeupe zote, zimesukwa mistari mitatu. Kyalo alilia mpaka mjini Wote, kisha akalaza pua kwenye kitambaa, na tulipovuka Athi alikuwa amelala.

Bwana Muli alimpokea bila maneno. Alimgeuzia mgongo, akaketi kwenye ngazi ya nyumba yake, akaanza kusoma gazeti la zamani. Nilipoondoka alikuwa bado ukurasa ule ule, na mbwa alikuwa amesogea hatua tatu. Nikajua mambo yatakuwa sawa, na yalikuwa.

Siku ile ile nilipitia Mukuyuni. Kulikuwa na jike wa miaka minne, chotara, aliyezaliwa na mama Jamani na baba asiyejulikana, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limechoka. Alikuwa ameshazaa mara ya mwisho, amechanjwa, amefungwa kizazi, na hakuna aliyewahi kumwulizia. Nilimfahamu kabisa, na hilo ndilo nawaomba mlikumbuke: anayeanza kufuga, msimpe sifa za jamii fulani ya mbwa, mpeni mbwa mnayemfahamu. Mtoto wa mbwa ni ahadi tu. Mbwa mkubwa aliyetulia ni mtu uliyeshakaa naye. Jike huyu alibweka mara mbili mgeni akiingia, akamwangalia mwenye nyumba, na akiona wanasalimiana alikwenda kulala. Jina lake lilikuwa Tabu, ingawa hakuwahi kumpa mtu yoyote.

Nilifika naye kwa Susu Alhamisi, jua likiwa bado chini. Susu alinitazama kwa hasira niliyoistahili.

"Jana umenichukulia mmoja, leo unaniletea mwingine. Wewe unadhani moyo ni zizi?"

"Sikukuletea, Susu. Nimekuja kukuuliza. Ukisema hapana, narudi naye sasa hivi."

"Hapana."

"Sawa. Naomba maji tu, twende."

Aliingia kuchota. Tabu akamfuata mpaka kizingitini, akasimama hapo hapo, hakuingia, akalala na pua yake kwenye mstari wa mlango. Susu alirudi na kikombe, akakuta njia imezibwa, akamruka kwa kuinua sketi kidogo, akanipa maji, akarudi ndani akiwa amemruka tena. Mara ya tatu alisimama.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anangojea umwambie akae wapi."

Alifikiri. "Basi aende kule kivulini. Mlangoni ni njia."

Wenzake wa mwethya walikuja saa mbili. Mama Mumo alikuwa amewageuza njiani kwenda kwa Ndinda, baada ya kusikia kwa shemasi kwamba simba ameondoka, na Ndinda mwenyewe alikuwa wa kwanza kukubali. Walikuwa wanane, majembe mabegani, wamesimama kwenye minyaa kwa mazoea. Tabu aliinuka, akabweka mara mbili. Wanane walirudi nyuma kama mtu mmoja.

"Hawa ni wetu," Susu alisema.

Tabu akarudi kulala. Mama Mumo alipita wa mwisho, akimwangalia yule jike kwa shaka. "Na huyu anakula leso za aina gani?"

Walichimba hadi jua la saa saba, na mimi nikapewa jembe, maana mwethya haitambui mtazamaji. Goti langu lilianza siku hiyo, kama mnataka kujua. Mvua ilikuja wiki ya pili, matuta yakashika maji.

Kisa hiki ningekimalizia hapo, lakini mwaka uliofuata, nikiwa Tulia, Mama Mumo alinipigia tena, na safari hii pia alipiga kelele.

"Wewe wa mbwa! Ulituletea mbwa wa bure kabisa!"

Nikauliza kuna nini.

"Susu aliugua. Dirisha halikufunguliwa. Tumekwenda asubuhi, sisi sita, hakuna aliyebisha hodi, tumevunja kitasa kwa jembe. Sita! Unajua mbwa wako alifanya nini? Alikuwa amelala kando ya kitanda. Akatuangalia mmoja mmoja. Halafu akainuka, akasogea, akatupisha."

"Na Susu?"

"Yuko hospitali ya Makueni, anakunywa uji na kuwagombeza manesi. Mimi nipo kwake namlisha huyu mvivu." Kisha akashusha sauti, nami nikasikia anatafuna kitu, na mwingine wa miguu minne karibu naye akitafuna pia. "Anapenda ugali wa moto au wa baridi?"